Herufi moja, kampuni mbili: uchambuzi wa kisa cha Taylor & Sons

Mwanzoni mwa mwaka 2009 kulikuwa na kampuni mbili Uingereza ambazo majina yao yalitofautiana kwa herufi moja tu. Moja ilikuwa Taylor & Sons Ltd ya Cardiff, Wales. Nyingine ilikuwa Taylor & Son Ltd ya Manchester. Hazikuwa na uhusiano wowote. Ile ya Cardiff ilikuwa kampuni ya uhandisi, imedumu zaidi ya karne moja na imeajiri watu zaidi ya 250. Ile ya Manchester ilikuwa imefika mwisho: mahakama ilishatoa amri ifilisiwe.

Amri ya namna hiyo haikai mahakamani. Inapelekwa kwa msajili wa makampuni, ambaye Uingereza anajulikana kama Companies House, ili iingizwe kwenye daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Tarehe 20 Februari 2009, siku ya Ijumaa, amri iliingizwa. Aliyeiingiza aliiweka kwenye jalada la Taylor & Sons badala ya Taylor & Son. Kuanzia hapo, kwa mujibu wa daftari rasmi la nchi, kampuni iliyokuwa hai na inafanya kazi ilikuwa imekwisha.

Siku tatu baadaye kosa lilikuwa limegunduliwa na jalada limerekebishwa. Ukiishia hapo utaona ni kisa kidogo: mtu kakosea, kosa limeonekana mapema, limefutwa, maisha yanaendelea. Mimi mwenyewe napenda kisa hiki kitumike kufundishia watu wa ofisini kwa sababu hiyohiyo. Wengi wetu tukishatuma sahihisho tunahesabu jambo limekwisha. Hapa halikuwa limekwisha, na ilipofika Aprili mwaka uleule Taylor & Sons ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wanaoteuliwa kampuni inapolemewa na madeni.

Kilichotokea ndani ya hizo siku tatu ndicho kiini cha kisa. Daftari la msajili si kitabu kilichofungiwa kabatini. Taarifa zake husambazwa kila siku kwa kampuni za taarifa za mikopo, yaani zile zinazomwambia msambazaji au benki kama mteja fulani anakopesheka au la. Kwa hiyo habari kwamba Taylor & Sons inafilisiwa ilitoka kwa msajili, ikaingia kwenye kumbukumbu za kampuni hizo, ikatoka kwao hadi kwa wateja wao, na kutoka hapo ikaenda kwa mdomo na kwa simu. Mkurugenzi mtendaji wa Taylor & Sons alikuwa likizoni Maldives. Mtu alimpigia simu kumshangaa: kampuni yako inafilisiwa, wewe uko ufukweni?

Wasambazaji waliokuwa wakiipa kampuni mali kwa mkopo walisita. Baadhi walitaka fedha taslimu kwanza, baadhi walisimamisha oda. Kampuni ya uhandisi yenye wafanyakazi wengi huendeshwa kwa kuaminiwa: inachukua vifaa leo, inafanya kazi, inalipwa na mteja baadaye, ndipo inamlipa msambazaji. Ukikata huo muda katikati, hata kampuni yenye kazi nyingi mezani inakosa fedha za kununulia vifaa vya kufanyia kazi hizo. Kila msambazaji aliyejihami alikuwa na haki ya kujihami. Alisoma kwenye chanzo rasmi kwamba mdaiwa wake anafilisiwa; angekuwa mjinga kuendelea kumkopesha. Hakuna aliyetenda vibaya katika mnyororo ule isipokuwa kwenye kiungo cha kwanza, na bado mnyororo mzima uliifikisha kampuni kaburini.

Sahihisho halikufika kote kulikofika kosa. Lilifanyika kwenye jalada, lakini halikuzima habari zilizokwisha kuenea. Aliyesoma Ijumaa hakuwa na sababu ya kurudi kusoma tena wiki inayofuata. Na hata aliyesikia kwamba ilikuwa makosa aliendelea kujiuliza kama kweli ni makosa matupu, maana habari ya kufilisika ni ya aina ambayo mtu akishaisikia hakosi kuwa na shaka. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza kujifunza, na ni zito kuliko ushauri wa kawaida wa "soma tena kabla ya kutuma": kosa katika maandishi ya kazi husafiri hadi kwa kila aliyepokea nakala, ilhali masahihisho hubaki pale ulipoyaandika usipoyasukuma wewe mwenyewe.

Kesi ilifika Mahakama Kuu. Aliyekuwa mkurugenzi mtendaji alikabidhiwa haki ya kampuni ya kudai, akadai fidia ya pauni zipatazo milioni 8.8. Januari 2015 Jaji Edis alitoa hukumu juu ya swali la wajibu: je, msajili ana wajibu wowote wa kisheria wa uangalifu kwa kampuni iliyoandikwa kwa makosa? Upande wa msajili ulipinga. Ulipinga pia kwamba kosa hilo ndilo lililoiangusha kampuni. Jaji aliamua dhidi yao katika yote mawili, kiasi cha fidia kikaachwa kiamuliwe baadaye.

Jinsi jaji alivyopima wajibu huo kunahitaji kusomwa polepole. Hakusema msajili lazima ahakikishe kila taarifa anayoletewa ni ya kweli. Hilo lingekuwa mzigo usiobebeka, kwa sababu msajili huletewa taarifa nyingi kutoka kwa watu asiowajua. Alichosema ni kwamba taarifa ikishaletwa, aiingize kwa usahihi: amri iende kwenye jalada la kampuni iliyotajwa katika amri, si kwenye jalada la kampuni nyingine. Kwa maneno mengine, hulaumiwi kwa kutojua ambacho hukupaswa kukijua. Unalaumiwa kwa kuharibu kilichokuwa sahihi mikononi mwako.

Mpaka huu unamfaa kila anayeandika kwa niaba ya ofisi. Karani anayechapa barua ya kuachishwa kazi hana mamlaka ya kuamua nani aachishwe, lakini jina aliloliandika kwenye barua ni jukumu lake. Mhasibu anayeandikia benki maagizo ya malipo hakutunga mkataba, lakini namba ya akaunti aliyoiandika ni jukumu lake. Katibu anayeandika muhtasari wa kikao hakupiga kura, lakini akiandika "limekataliwa" pale wajumbe waliposema "limeahirishwa", kosa hilo halina mwingine wa kulibeba. Ukiwa katika nafasi hizo huhitaji kujua kila kitu. Unahitaji kitu kimoja tu, kwamba kilichoingia sahihi kitoke sahihi.

Sasa, ilikuwaje mtu mwenye macho mazima asione herufi moja? Wengi hukimbilia neno uzembe, na kisheria ndilo neno lenyewe. Lakini ukiishia kwenye lawama hujifunzi namna ya kuzuia. Jicho la mtu aliyezoea kusoma halisimami kwenye kila herufi. Linatambua neno kwa mara moja, na likishalitambua linapita. Hilo ndilo linalotuwezesha kusoma haraka, na ndilo linalotupofusha. "Taylor & Son" na "Taylor & Sons" zinakaribia kufanana kabisa. Tena tofauti iko mwishoni kabisa, mahali ambapo msomaji ameshaamua amesoma nini. Jina likiwa la kawaida na lenye mfano wake mwingine, macho hukamilisha yenyewe kinachotarajiwa.

Programu ya kukagua tahajia isingesaidia kitu. Majina yote mawili yameandikwa vizuri. Makosa ya hatari katika maandishi ya kazi mara nyingi ni ya aina hii: neno liko sahihi kitahajia, sentensi inasomeka bila kukwaza, ila inasema jambo lingine. Kiswahili kina mitego yake ya namna hiyo, na mkali kuliko yote ni ile w ya kutendwa. "Mteja amelipa" na "mteja amelipwa" zimepishana kwa herufi moja, lakini katika sentensi ya kwanza fedha zimetoka kwa mteja na katika ya pili zimekwenda kwake. "Kampuni imeshitaki" na "kampuni imeshitakiwa" ni mbingu na ardhi. Hakuna kikagua tahajia kitakachochora mstari mwekundu chini ya lolote kati ya hayo. Halafu kuna ha- ya kukanusha: "hatutapokea maombi baada ya tarehe 30" ukiidondosha hiyo "ha" umewaahidi watu jambo ambalo ofisi imeamua kinyume chake. Mtu anayesoma rasimu yake mwenyewe huikosa kirahisi, kwa sababu anajua alichokusudia, na kusudio lake linajaza pengo.

Kwa hiyo kusoma tena, peke yake, ni kinga dhaifu. Unaposoma tena ulichoandika unalinganisha maandishi na yaliyo kichwani mwako. Kama kichwani mwako mna "Taylor & Sons", utasoma mara tano na mara zote tano utaridhika. Kinachokamata kosa la aina hii ni kulinganisha na chanzo: amri ya mahakama upande huu, jalada upande huu, na kidole kwenye herufi. Inachosha, ni kweli. Ndiyo maana nashauri isifanywe kwa kila neno la barua. Ifanywe kwa vitu ambavyo jicho haliwezi kuvikisia kutokana na maana ya sentensi: majina ya watu na ya kampuni, tarehe, kiasi cha fedha, namba za akaunti, anwani za wapokeaji, pamoja na maneno yanayogeuza uamuzi kama "si", "isipokuwa" na "hadi". Neno la kawaida likikosewa, msomaji ataligundua na kulisamehe. Namba ikikosewa hana pa kuanzia kuishuku.

Kwa majina kuna jambo la ziada. Jina halikutungwa kwa ajili ya kutofautisha. Namba ndiyo iliyotungwa kwa kazi hiyo. Kila kampuni iliyosajiliwa Uingereza ina namba yake ya usajili yenye tarakimu au herufi 8, na hakuna kampuni nyingine yenye namba hiyo. Jina laweza kubadilishwa kesho, namba hubaki. Taylor & Son na Taylor & Sons zinafanana kwa majina, lakini kila moja ina namba yake. Mtu anayetafuta jalada kwa jina pekee amejiweka mahali ambapo kosa la herufi moja humpeleka kwenye jalada halisi la kampuni halisi, na kila atakachokiona pale kitaonekana kuwa sawa. Akitafuta kwa namba na kukosea tarakimu moja, kuna uwezekano mkubwa atatua kwenye kampuni ambayo jina lake halikaribii kabisa, naye atashtuka papo hapo. Ndiyo maana barua au fomu inayohusu mtu, mkataba au akaunti inafaa ibebe vyote viwili, jina na namba, na anayeipokea avilinganishe. Vikipingana, asimamishe kazi na kuuliza. Asichague kimojawapo kwa kukisia.

Jambo jingine ambalo kisa hiki kinaliweka wazi ni uzito. Si kila andiko linastahili ukaguzi uleule. Ofisini tuna tabia ya kukagua kwa makini kile kinachoonekana kikubwa, kama hotuba ya mkurugenzi au ripoti ya mwaka, na kupitisha haraka kinachoonekana cha kawaida. Kuingiza amri kwenye jalada ni kazi ya kila siku, haina sherehe. Lakini swali la kujiuliza kabla ya kutuma halihusu ukubwa wa waraka. Linahusu kitakachofuata: nikikosea hapa, nani atachukua hatua kwa kuamini nilichoandika, na hatua hiyo inarudishika? Hitilafu ya lugha kwenye ripoti ya mwaka ni aibu. Neno "inafilisiwa" kwenye jalada lisilo lake huwafanya watu wafunge mikopo siku hiyohiyo. Kazi ya kwanza inaweza kukaguliwa na mtu mmoja. Ya pili inastahili mtu wa pili, na huyo wa pili apewe chanzo pamoja na kilichoingizwa, si kilichoingizwa peke yake. Ukimpa rasimu tu atakusaidia kurekebisha alama za uandishi na kukuambia iko safi.

Nirudi kwenye masahihisho, maana naamini ndipo hasara ingeweza kupunguzwa hata baada ya kosa kutendeka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini bado kuna tofauti kati ya ofisi inayojua yalikofika na ile isiyojua. Asubuhi ya 13 Januari 2018 wakazi wa Hawaii walipokea kwenye simu zao tahadhari ya uongo kwamba kombora linakuja, wajifiche mara moja, na kwamba hayo si mazoezi. Zilipita dakika 38 kabla ya simu zilezile kupokea ujumbe wa pili wa kufuta wa kwanza. Sehemu ya ucheleweshaji huo ilitokana na kwamba ujumbe wa tahadhari ulikuwa umeandaliwa tayari kwenye mfumo, ilhali ujumbe wa kuifuta haukuwepo. Ilibidi utungwe watu wakiwa wametaharuki. Mazingira ni tofauti kabisa na ya Cardiff, lakini udhaifu ni uleule: ofisi ilikuwa imejiandaa kutangaza, haikuwa imejiandaa kutengua.

Kutengua vizuri kuna sura yake. Kunakwenda kwa kila aliyepata kosa, kwa njia ileile aliyolipatia, na kunasema wazi kipi kilikosewa na kipi ndicho sahihi. Ofisi nyingi zikikosea hutuma waraka mpya wenye kichwa kilekile na neno "umeboreshwa", zikitumaini hakuna atakayeuliza. Mpokeaji anabaki na nyaraka mbili asijue kilichobadilika, na mwenye haraka hufanyia kazi wa kwanza. Kwa kisa kama hiki, ujumbe uliohitajika kwenda kwa kila kampuni ya taarifa za mikopo ungeweza kuwa mfupi hivi:

"Tarehe 20 Februari tuliwapa taarifa kwamba Taylor & Sons Ltd ya Cardiff imeamriwa kufilisiwa. Taarifa hiyo si sahihi. Amri inahusu kampuni nyingine, Taylor & Son Ltd ya Manchester. Taylor & Sons Ltd haijapata kuwa chini ya amri yoyote ya kufilisiwa. Kosa ni letu, halikutokana na jambo lolote lililofanywa na kampuni hiyo. Tafadhali ifuteni taarifa ya awali na muwajulishe wote mliowapa."

Sentensi ya tano ndiyo yenye thamani kubwa kwa mwathirika, na ndiyo ambayo ofisi huogopa kuiandika. Bila sentensi hiyo, msambazaji anayesoma masahihisho anabaki akidhani labda kulikuwa na jambo, labda walielewana na wadai, labda wamepata nafuu ya muda. Akiisoma, shaka inapata jibu kutoka kwa mwenye daftari mwenyewe. Mkurugenzi wa Taylor & Sons angeweza kuwapigia simu wasambazaji wote mmoja mmoja na kuapa kwamba kampuni ni nzima, lakini neno la mdaiwa juu ya uzima wake mwenyewe lina uzito mdogo. Kauli ya aliyekosea ndiyo iliyokuwa na nguvu ya kurudisha imani. Na sentensi ya mwisho inamtaka mpokeaji apeleke masahihisho mbele zaidi, kwa wale ambao msajili hawajui.

Wapo watakaosema kampuni imara isingeangushwa na kosa la siku tatu, kwamba mwaka 2009 uchumi ulikuwa mbaya na kampuni nyingi zilikuwa zinayumba. Hoja ya namna hiyo ililetwa mahakamani na haikufua dafu. Mimi naiona kuwa hatari hata nje ya mahakama, kwa sababu inamruhusu mwandishi akague kazi yake kwa kipimo cha uimara wa msomaji. Anayeandika hajui upande wa pili kuna nini. Hajui kama mpokeaji anasubiri barua hiyo ili benki imwongezee mkopo, au kama mteja wake mkubwa atasaini mkataba wiki hiyo. Kampuni inayoyumba ndiyo inayohitaji zaidi jina lake liandikwe sawasawa, kwa kuwa haina akiba ya kununulia muda wakati wengine wanahakiki.

Na yule mfanyakazi aliyeingiza amri? Kesi ilifunguliwa dhidi ya ofisi, na naona ni sahihi kwamba deni lilibaki kwa ofisi. Mtu mmoja anaweza kuchoka, akapitiwa, akabofya mstari wa juu badala ya wa chini kwenye orodha ya majina yanayofanana. Ofisi ndiyo inayoamua kama mbofyo huo mmoja unatosha kutangaza kampuni imekwisha, au kama kabla ya hapo patakuwa na kisanduku kinachodai namba ya usajili na mtu wa pili mwenye amri ya mahakama mkononi.